Nyota ya Mwalimu Kabasele

Miaka thelathini Mwalimu Kabasele alifundisha jiografia kule Manika, mjini Kolwezi, na miaka thelathini hakuona mtoto hata mmoja mwenye akili. Alipostaafu, dharau yake haikustaafu. Wachimbaji aliwaita panya, wachungaji wa makanisa aliwaita wauza upepo, na majirani zake hakuwaita kabisa.

Kitu pekee alichokiheshimu duniani kilikuwa shimo. Shambani kwake, kwenye njia ya Sandoa, palikuwa na bonde la mviringo, na kandokando yake mawe meusi, mazito, yenye vitobo. Kabasele alikuwa amesoma kwamba zamani, kabla ya maandishi, mawe ya angani yalianguka huku na huko, yakachoma vijiji, watu wakahama nchi. Basi, jiwe moja lilianguka hapa kwake! Wataalamu wakikubali, bonde litaitwa Kabasele, na Kolwezi nzima itashika adabu. Kuhusu watu wa kale ambao, kwa hesabu yake, jiwe liliwaua hapo, hakuwa na huruma.

"Hawakujua kitu," alisema. "Walikaa wakikodoa macho juu mpaka likawaangukia."

Baada ya barua saba kwa wataalamu, akaja Mathieu, mtafiti kutoka Lubumbashi. Kabasele alivaa koti katika jua lile. Gunia la mawe alimbebesha Mama Ngalula, mjane anayeishi kwa kuosha na kuchagua mawe ya shaba, akamwonya asifungue mdomo mbele ya wasomi.

Mathieu aligeuza jiwe, akaguna. Ngalula, kwa mazoea ya kazi yake, alichukua lingine, akalipima mkononi, akaligonga likapasuka, akalamba pale palipovunjika. Ndani palikuwa na kijani.

"Tata mwalimu, hii haikutoka juu. Ni mavi ya mukuba, ile uchafu shaba inaachaka kwa moto."

"Nani amekuuliza?"

"Batu ba zamani balikuwa banayeyusha mukuba hapa. Ile bonde ni shimo yabo, balichimba. Nkambo yangu, muzazi ya mama, alinionyeshaka ingine kama hii." Akaokota kipande cha mrija wa udongo uliochomwa, chenye tundu katikati. "Ona, humu ndimo balikuwa banapulizia moto."

Kabasele alicheka, akamgeukia Mathieu ili wacheke wote. Mathieu hakucheka. Alikuwa amepiga magoti.

"Ni kweli, ni tanuru," alisema. "Tata, mirija mizima ya namna hii iko wapi? Ingekuwepo mizima, hapa pangekuwa mahali pa ajabu."

Kabasele aligeuka kutazama njia. Ilikuwepo, tena mingi, mirefu kama mkono. Wiki ile ile alikuwa ameiponda yote kwa nyundo, akiiita uchafu wa washenzi, akaimwaga kwenye matope ya njia ili gari la mtafiti lisikwame. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na koti likamwasha.

Mathieu akafungua daftari, akafuta vumbi kwenye jiwe ili Mama Ngalula akae, akamwuliza nkambo wake aliitwa nani.