Aliyepima Mtungi Wangu Akiwa Nje

Wajukuu zangu hucheka nikilisema hili. Wacheke. Sikuota wala sikusimuliwa. Lilinikuta mwenyewe, mlangoni pangu, Kiranjeranje, mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa.

Kisima kilikuwa kimekauka. Binti yangu Somoe alilala ndani na surua, midomo imepasuka, na mtungini mlibaki maji ya kumfikisha kesho tu, mume wangu arudi na ndoo kutoka bondeni.

Alasiri ile balozi wetu wa nyumba kumi alifungua redio, tukasikia Wazungu wamepeleka chombo kwenye ile nyota nyekundu. Hakitui, kinaizunguka tu, na huko juu kinapima unyevu ulio hewani mwake. Nikamwambia, "Maji hupimwa kwa kata, shemeji. Hao wanapima kwa macho?" Watu wakacheka, nami nikarudi kwa mgonjwa wangu.

Kabla ya adhana ya magharibi, hodi. Mwanamume mrefu, kanzu imejaa vumbi jekundu, akaomba maji. Niamini, jua lilichoma siku ile, lakini usoni hakuwa na tone la jasho. Nikasema, "Hamna maji humu, baba. Hata ya kutawadhia."

Akaanza kuizunguka nyumba, polepole, bila kugusa ukuta. Mara ya kwanza nilidhani anatafuta njia. Ya pili nikaingia ndani, nikamkumbatia Somoe. Ya tatu akasimama dirishani, wala hakuchungulia. Alikuwa amefumba macho.

"Mtungini mna kata nne na nusu," alisema. "Hayo mwachie mtoto. Lakini wewe, mama, macho yako yamejaa."

"Yana nini macho yangu?"

"Yatanitosha."

Nilipotoka na panga, njia ilikuwa tupu. Vumbini palikuwa na nyayo zangu tu. Nikafunua mtungi, nikapima: kata nne na nusu. Nani alimwambia?

Somoe alipona, alhamdulillahi. Lakini tangu jioni ile sijatoa chozi. Tulimzika mama yangu, tukamzika mume wangu, macho yangu makavu kama jivu, na mawifi hadi leo wanasema nilifurahi. Hata kitunguu hakinilizi.

Nawe unayesoma, usinihurumie, shika neno. Mgeni akiomba maji nawe huna ya kugawa, mwambie kweli: yapo, ni ya mgonjwa. Yule angeelewa. Ni uongo wangu uliomfanya azunguke.