Injini Mpya na Mbuzi Tatu za Mama Ndanu

Wacha nijiaibishe mwenyewe mara moja tumalize, kwa sababu hii hadithi nimeisikia pale sokoni Machakos ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwako, mmoja anasema mbuzi zilikuwa kumi, mwingine anasema nililala chini nikalia, na mimi nimechoka kusahihisha. Mbuzi zilikuwa tatu. Kulia sikulia, ingawa nusura. Mzee wa miaka hamsini na moja, mwenye tenti na viti vya kukodisha, nilienda kwa wakwe zangu Katangi kujionyesha, na nikajionyesha kweli.

Kwanza mjue kwa nini nilikuwa naenda. Kwetu Ukambani, kama hujapeleka ntheo, yaani zile mbuzi tatu za kwanza, unaweza kuishi na mwanamke mpaka mzeeke pamoja, lakini kwao watasema tu binti yao ametembea na hajarudi. Mimi na Mama Ndanu tulikuwa tumeishi miaka ishirini na nne bila hizo mbuzi. (Msiniangalie hivyo, nyinyi pia najua wengine wenu.) Kila mwaka nilikuwa na sababu, mara karo, mara ukame, mara tenti imepasuka. Sasa binti yetu Ndanu akapata mchumba, watu wa Muthetheni, na wao wakasema wanakuja na mbuzi zao Jumamosi ya pili ya mwezi. Hapo ndipo maji yakanifika shingoni, kwa sababu mila inasema kama sijamaliza ya mama, siwezi kupokea za binti. Zitapokelewa na baba ya Mama Ndanu, na mimi nikae kando, kwa sababu kulingana na wazee huyo mtoto bado si wangu.

Na kumbe mimi, katika huo mwaka wote, nilikuwa nimeshughulika na injini. Van yangu ni ya dizeli, ya zamani (Ndanu anasema gari limemzidi umri, na ni kweli), na ikivuta trela ya viti mlimani ilikuwa inatoa moshi mpaka pikipiki zinawasha taa. Kuna matanga tulifika marehemu ameshazikwa, watu wamekaa kwa nyasi, na mwenyekiti wa kamati akaniambia kwa upole nirudi tu na viti vyangu. Hiyo siku nikaapa nitabadilisha injini. Mama Ndanu akiniuliza habari ya mbuzi, namwambia injini kwanza, kwa sababu injini ndiyo italeta mbuzi. Alikuwa anarudi kwa kazi yake. Nilidhani amekubali.

Fundi wangu anaitwa Muli, mtu mtaratibu sana. Aling'oa ile injini kuukuu akaweka nyingine kubwa yenye tabo ya kuongeza nguvu, iliyotumika Japani, akabadilisha klachi, akaweka rejeta kubwa ya kuipoza, wiki tatu nzima gari likiwa limefunguliwa kifua. Siku ya kulichukua, siku mbili kabla ya safari ya Katangi, nililiwasha nikasikia ule mngurumo nikajisikia kijana. Muli akanipeleka nyuma ya gari akainama.

"Mzee, hii chuma ya kushikia trela imeliwa na kutu," akasema. "Ile injini ya zamani haikuwa inavuta, ilikuwa inaomba, ndio maana chuma ilivumilia. Hii mpya itaing'oa. Niachie gari nichomelee chuma mpya, niweke na cheni."

"Jumatatu nitakuletea," nikamwambia.

Basi. Huo ndio uamuzi wenyewe, maneno mawili tu, na mengine yote yalifuata hapo.

Jumamosi asubuhi tukapakia. Mama Ndanu akaziangalia zile mbuzi, akaangalia nafasi iliyobaki ndani ya gari, akasema, "Hizi ni tatu tu, si tuende nazo ndani?" Nikasema zitachafua suti ya Anko Kioko. Anko Kioko ni ndugu mdogo wa marehemu baba, ndiye alikuwa msemaji wetu siku hiyo, na suti yake kwa kweli ilikuwa imeona mambo mabaya kuliko mbuzi. Niseme ukweli tu, nilitaka nionekane nikivuta. Nikaweka mbuzi kwa trela pamoja na tangi la maji la plastiki, unga, sukari na kreti za soda, halafu ndani ya gari nikajaza blanketi za mama mkwe mpaka dirisha la nyuma likaziba.

Barabarani, ndugu zangu, ile gari ilipanda milima na gia ya nne. Anko Kioko akashika kofia yake akasema gari imebalehe. Mimi nilikuwa naongea peke yangu njia yote, tabo hivi, rejeta vile, mpaka tukaacha lami tukaingia murram, na mbele kidogo kukawa na mtaro wa maji umekata barabara, na mtu mwenye akili hapo anapunguza mwendo. Mimi niliupita tu. Gari likaruka, nyuma kukalia kitu kama sufuria imeanguka, halafu gari likawa jepesi, laini, linateleza.

Nikapiga usukani kofi. "Mnaona? Sasa ndio imepata joto. Haijui hata iko na mzigo."

Baada ya muda Mama Ndanu akasema, "Mbona mbuzi zimenyamaza?"

"Zimezoea."

"Zimezoea saa hii?"

"Mama Ndanu, hata mbuzi zinajua gari nzuri."

Anko Kioko akacheka, mke wangu akageukia dirishani. Na mtaniuliza mbona sikuangalia kioo cha pembeni. Trela yangu ni fupi na nyembamba kuliko gari, kwa kioo haionekani hata siku njema, na nyuma kulikuwa na vumbi na blanketi.

Tulifika tukakuta wazee wamepanga viti, akina mama wako langoni wanaimba. Nikazungusha ile kona kubwa ya mtu anayevuta trela, nikarudisha nyuma polepole, kichwa nje ya dirisha nikiwapungia akina mama, mpaka karibu na miguu ya baba mkwe. Anko Kioko akashuka, akawapa gari mgongo, akaanza hotuba yake ya kwamba sisi ni watu wa heshima na hatukuja mikono mitupu. Nikasikia wimbo unapungua, mama mmoja ananyamaza, halafu mwingine, mpaka akabaki nyanya mmoja asiyeona vizuri.

"Ziko wapi?" mzee mmoja akauliza.

"Ziko hapo nyuma," Anko akasema, akaelekeza na fimbo bila kugeuka.

Watu wote wakaangalia nyuma ya gari. Mimi nikashuka, nikaenda, na mnajua nilifanya nini? Niliinama nikaangalia chini ya gari. Sijui nilifikiri trela imeingia huko. Hapo ndipo kicheko kilianza, na kwa wakwe mtu hachekwi hivyo.

Tulirudi tukaikuta trela mtaroni, na chuma yangu yenye kutu bado imeishikilia vizuri sana, imeng'oka tu na kipande cha gari. Soda zote zilikuwa zimevunjika. Mbuzi mmoja amevunjika mguu wa mbele, mama fulani amemshika na leso yake. Mwingine alikuwa ndani ya shamba la mtu anakula kunde. Wa tatu walisema alielekea mtoni, na mpaka leo sijamwona.

Baba mkwe hakunipigia kelele. Heri angepiga. Alimwangalia yule mwenye mguu, akasema, "Mbuzi wa ntheo hachechemei, na tatu si mbili. Wazee hawa wametoka mbali, siwezi kuwaita tena kabla ya Jumamosi kwa sababu ya gari yako. Rudi mwezi ujao. Watu wa Muthetheni wakija, nitawapokea mimi."

Wakati wa kurudi Mama Ndanu alikaa nyuma, yule mbuzi wa mguu mapajani. Nilimwambia pole mara mbili. Akaniambia, "Nimengoja miaka ishirini na nne, mwezi mmoja si kitu."

Jumamosi iliyofuata nikaenda Katangi kuona binti yangu akiposwa. Watu wa Muthetheni wakaleta mbuzi zao tatu safi, baba mkwe akazipokea, Ndanu akaitwa mbele, na nikamwona akinitafuta kwa macho kwenye viti vya wazazi. Sikuwa hapo. Nilikuwa nimesimama karibu na magari. Chakula kilipoanza kugawiwa, msichana mmoja wa kamati, hanijui simjui, akanijia na sahani.

"Mzee, wewe ni upande wa bwana au wa bibi?"

Nikafikiria. Kwa kweli nilifikiria, na sikupata upande.

"Mimi ni dereva," nikamwambia.

"Madereva wanakula kule nyuma ya jiko."

Nikaenda nikala na madereva. Mmoja akaniuliza van ni ya nani, na akaisifu injini.

Mbuzi zangu nilizipeleka mwezi uliofuata, zikapokelewa, na Mama Ndanu akalia mbele ya watu, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akilia. Ndipo nikajua vile alikuwa amengoja. Kwa hivyo kama kuna mtu hapa anataka kuweka injini kubwa, aweke, sikatazi, yangu inavuta mpaka leo. Lakini aangalie kwanza ni nani anamngoja kwake nyumbani. Ndanu aliposwa mara moja tu, na mimi hiyo siku nilikula nyuma ya jiko.