Bipu ya Pili

Jamani wasomaji, mpaka leo natetemeka. Dada alikuwa wodi ya wazazi hapa Sumbawanga, nami salio sina. Nikakubaliana na baba, aliyebaki nyumbani Matai: nikibipu mara moja, kajifungua salama, mara mbili, Mungu apishe mbali, tumempoteza.

Mtoto akalia, nikabipu. Mtandao ukasumbua. Nikadhani haijaingia, na kwa furaha yangu nikabipu tena.

Mchana lori la mahindi likasimama nje ya wodi, limejaa ndugu wanaolia. Baba akaingia amekumbatia msalaba wa mbao, rangi bado mbichi.

“Shikamoo, baba!” nikachangamka.

Akamkodolea macho dada. Dada akaweka chini kikombe cha uji, akasoma jina lake msalabani, akanigeukia taratibu.

“We Kanuti, ulibipu mara ngapi?”