Nyonga ya Tekla na Heshima ya Karani

Batuli binti Mabruki, mkunga wa mtaa wa Ng'ambo katika mji mmoja wa reli huko bara, alichechemea maisha yake yote, na chanzo chake kilikuwa heshima. Mama yake alikuwa mtumishi katika nyumba kubwa ya mjini, ambako bibi mwenye nyumba hakutaka kuona mtoto mgongoni mwa mtu aliye kazini. Batuli mchanga akalazwa kapuni, miguu imenyooshwa na kufungwa pamoja kwa nguo, ili asisumbue. Hakusumbua. Nyonga yake ya kushoto ilihama mahali pake kimyakimya, na ilipogunduliwa alikuwa na miaka miwili.

Kwa hiyo kila mtoto aliyempokea, alimkunja magoti na kuyatanua polepole, akisikiliza kwa vidole. Watu walidhani anasoma dua.

Mwaka 1953 alimpokea Tekla, binti wa kwanza wa Raymundi, karani wa stesheni. Mfupa wa paja la kushoto uliteleza, ukaingia, ukateleza tena.

"Mbebe mgongoni kuanzia leo," alimwambia Eustadia, mama wa mtoto. "Miguu ipanuke, ikukumbatie kiuno. Usingoje arobaini."

"Mgongoni?" Raymundi alisema kutoka mlangoni. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu mpaka pwani mara nne, na Raymundi alikuwa amesoma kwa bidii ili ukoo wake usibebe tena kitu chochote. Kigari cha mtoto kilikwisha fika kwa treni kutoka Dar es Salaam. "Mke wangu si mpagazi, Bibi Batuli."

"Sijasema abebe pembe, karani."

"Tutamwona daktari."

Daktari, kijana mpole, alisema mtoto ni mdogo mno, hata picha ya mifupa haitaonyesha kitu. Aletwe akitimiza mwaka. Ikibidi, atafungwa plasta. Aliandika hivyo na kupiga mhuri. Raymundi alitoka amefurahi sana.

Kesho yake, Raymundi alipokwenda kazini, Batuli aliingia kwa Eustadia, akapandisha kanga mpaka magotini, akatembea kutoka mlangoni hadi jikoni na kurudi.

"Mimi nilingojewa," alisema.

Eustadia alichukua mbeleko.

Tangu siku hiyo Tekla alishinda mgongoni, na jioni alikutwa kigarini, amelala kama mtoto wa gavana. Mtaa mzima ulinyamaza, isipokuwa Zamda muuza maandazi, ambaye kila alipomwona karani kwa mbali alipaza sauti: "Tua mzigo, Eustadia! Mwenye msafara anarudi!"

Mwaka ulipotimia, daktari alitanua miguu, akatazama picha, hakuona kasoro. Akaandika kwamba kungoja kumefaa.

Raymundi aliipeleka karatasi kwa Batuli, pamoja na Tekla. "Unaona, bibi? Subira."

"Anatembea?"

"Tangu Jumapili."

Batuli alijua kwamba nyonga nyingine hutengemaa zenyewe. Hakuwa na haja ya kudai sifa. Alimweka Tekla mlangoni, akamtazama akienda hadi jikoni. Akamwita, akarudi. Akamwambia aende tena.

"Na kile kigari," Raymundi aliendelea, "ni kazi ya Kizungu kweli. Mwaka mzima, na magurudumu bado mapya!"

"Kitunze," alisema Batuli, bila kuondoa macho kwenye miguu ya mtoto. "Kitafaa na kwa wa pili."