Ini Waliloliita Giza

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyetaka kuniua, na mchungaji wa chumba cha maombi akamsaidia. Nasema wazi, maana wote wawili wako hai na wananisalimia sokoni.

Maumivu yalikuwa upande wa kulia, chini ya mbavu. Hospitali hapa Kamembe, Rwanda, wakanipaka yale mafuta baridi, wakanipima kwa ekografi, ile mashine ya kuona ndani ya tumbo. Mimi nimekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo; Kinyarwanda changu ni cha kununua na kuuza tu. Wifi ndiye mjuzi. Akasimama na daktari mlangoni, mimi bado nafunga kitenge.

"Amesema nini, yaya?" nikamuuliza; kwetu yaya ni dada mkubwa.

Akanipa mgongo. Alimpigia mume wangu simu: "Bibi yako iko na bivimbe mu giza. Giza, unasikia? Ile ya mashetani."

Daktari alikuwa amesema *umwijima*. Kwa Kinyarwanda umwijima ni giza, na ini nalo ni umwijima. Lakini wifi Kinyarwanda amekiokota kanisani, na kanisani hakuna anayehubiri ini.

Wakanipeleka chumba cha maombi, upande wa Giheke. Mchungaji akanibonyeza tumbo, akasema kuna muntu wa soko alinilisha kitu. Akaleta maji ya mizizi, meusi, machungu. Nikakataa.

"Kunywa, maman. Giza haipendi dawa, njo maana unakataa."

Basi hata kukataa kwangu kukawa ushahidi, wakaninywesha. Nikitapika, wanasema giza linatoka. Macho yalipogeuka njano, wifi akasema nuru inaingia. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Wakaniongezea kikombe.

Nilipoanza kuropoka na kutomjua mume wangu, waliogopa maiti ndani ya chumba chao. Ndiyo sababu walinirudisha hospitali; huruma haikuwemo.

Nilipopata akili, daktari yule yule alinieleza kwa Kiswahili, polepole. Siku ile ya ekografi ini langu lilikuwa zima, bila makovu. Ndani yake kulikuwa na vinundu tu, si kansa, si vya kukata wala kunywea dawa. Ni kuviangalia mara kwa mara, basi.

"Sasa ini lenyewe ndilo limeumia," akasema. "Ukirudia mizizi ile, maman, sitakuwa na la kufanya."

Nikapona, kama huku ni kupona.

Wifi hajaomba msamaha. Anasema walitoa giza nusu, nusu imebaki. Juzi ametuma chupa ya maji yale ya mizizi. Mume wangu akaiweka mezani, akaifungua mwenyewe.

"Kidogo tu, mama batoto. Usimpatishe dada haya."

"Onja wewe kwanza."

Akacheka, akatazama chini. Hakuonja. Wala sikumwona akiitupa; asubuhi chupa haikuwa mezani, na nikimuuliza iko wapi anasema niache maneno. Tangu hapo chai yangu naichemsha mwenyewe, na mtu akibisha hodi naenda mlangoni na kikombe mkononi.