Halua Haikuulizwa

Wivu wa Buthaina haukuwa wa nguo wala wa mchumba. Hayo angeyameza. Ulikuwa wivu wa nafasi moja tu ya utafiti kwa Daktari Shariffa, na nafasi yenyewe kaipata Noof, binti wa ami yake.

Jamani, bora angeipata mtu baki! Lakini Noof? Tangu utoto wao Noof akipata kitu, Buthaina ndiye anayeambiwa, "Mpe mkono mwenzio." Sasa wote wawili wanamaliza digrii ya sayansi hapa Maskati, wote wanataka kuomba kusomea udaktari, na kila mtu chuoni anajua kwamba alama nzuri peke yake hazitoshi. Wanaochagua wanataka mtu aliyewahi kufanya utafiti, aliyekaa na swali likamsumbua, na aliye na daktari wa kumsemea. Daktari Shariffa huchukua mwanafunzi mmoja kila mwaka. Alama za Buthaina zilikuwa juu, akachukuliwa Noof.

"Kwa ajili ya cheo cha baba yake tu," Buthaina alimwambia mama yake jikoni, huku akikatakata vitunguu kana kwamba vimemtukana.

"Usiseme usilolijua," mama akamjibu. "Na hicho kijicho kipunguze, kitakutoa chunusi."

Utafiti wenyewe ulihusu mabibi waliokuja kutoka Unguja na bara: wanakula nini, na kwa nini maradhi ya sukari yamewaandama hivi. Mabibi hawa Kiarabu wanakijua, ila mambo ya mwili wao huyasema kwa Kiswahili. Na Kiswahili cha Noof, masikini, mama yake mtu wa Nizwa, kilikuwa cha kuombea maji tu. Basi akampigia nani simu? Buthaina huyo huyo.

"Nisaidie, habibti. Mimi nasema, wao nacheka."

Loo! Nusura Buthaina akate simu. Akakubali, maana alitaka kuuona kwa macho yake huo utafiti alioporwa, kama alivyokuwa akiuita moyoni.

Wakaanzia Mawaleh, nyumbani kwa kina Buthaina, kwa Bibi Mwanamize, mzaa mama yake. Noof hajakaa vizuri, sinia imeshatua: halua inameremeta samli, tende, na dele ya kahawa.

"Karibu mwanangu. Hapa haulizwi mtu wala haulizi mtu kabla hajaonja kitu," Bibi akasema.

Wakaonja. Kisha Noof akauliza kwa Kiarabu, Buthaina akafasiri.

"Bibi, asubuhi unakula nini?"

"Kipande cha mkate na chai."

"Chai unatia sukari?"

"Sukari! Nimeiacha tangu nlipoambiwa nnayo. Chai yangu haina hata chembe."

"Na kahawa?"

"Kahawa na sukari wapi na wapi! Kahawa hunywewa chungu." Na huku anasema, anamega tonge jengine la halua, anamsogezea Noof nalo jengine.

Noof akaandika: hatumii sukari. Vidole vyake vyenyewe vina halua, na hakuiona! Wala si mjinga. Kwa mtu aliyelelewa nyumba hizi, halua si chakula. Halua ni heshima ya mgeni, na heshima haiingii katika hesabu ya ulichokula. Lakini Buthaina anaishi na Bibi. Anajua kwamba nyumba ile haikosi mgeni asubuhi, haikosi alasiri, haikosi baada ya magharibi, na kila mgeni Bibi hula naye, maana kumwacha mgeni ale peke yake ni aibu.

Swali likamfika ulimini: na halua je, Bibi? Akalimeza. Kachaguliwa yeye, si mimi, alijiambia. Basi aone mwenyewe. Na msimwonee huruma bure, alifurahi. Alifurahi mpaka akamiminia Noof kahawa nyengine.

Wakenda Bustan kwa Bibi Bakhita, ikawa yale yale. Wakenda Matrah, yale yale. Kila nyumba sinia inatangulia, kila bibi anaapa sukari haijui, na Buthaina anafasiri neno kwa neno kwa uaminifu mtupu, hakuna aliyeweza kumshika kwa kosa. Njiani Noof akiendesha gari humwambia kwa Kiarabu, "Bila wewe ningefanya nini?" Buthaina huangalia dirishani.

Siku ya kueleza matokeo, ukumbi ulijaa walimu na wanafunzi. Noof akasimama, kashika maneno yake vizuri. Mabibi wana sukari ya juu, Noof akasema, ilhali hawali sukari. Huenda sababu iko katika damu, urithi wa ukoo.

Buthaina akanyoosha mkono. Alishalipanga hili siku nyingi.

"Na halua wanayokula na kila mgeni, uliwauliza?"

Ukumbi ukaangua kicheko, maana nani pale hana bibi? Noof uso ukamwiva. Ah, utamu ulioje! Lakini Daktari Shariffa hakucheka.

"Swali zuri sana," akasema. "Umelijua leo?"

Buthaina akatamani kusema ndiyo. Noof alikuwa akimtazama.

"Nlilijua tangu siku ya kwanza."

"Ukiwa umekaa naye mkeka mmoja." Daktari akavua miwani. "Noof amenishika tangu mwanzo nikuchukue na wewe. Kila wiki, Buthaina, Buthaina. Nlishakubali, mwanangu. Leo ndiyo nlitaka nikwambie." Akavaa miwani. "Noof atarudi kuwauliza. Kosa lake nnaweza kulirekebisha. Wewe sikuchukui. Kesho utamwona mwenzio wodini anakosea, utanyamaza, na pale kitandani patakuwa na mtu."



Nje, Buthaina alikwenda zake kutafuta teksi, hakutaka kuonana na mtu. Gari ya Noof ikasimama ubavuni mwake. Macho ya Noof yalikuwa mekundu.

"Panda," akasema. "Mimi sijui kuuliza halua kwa Kiswahili. Nani nafasiri?"

Buthaina akapanda. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Akamtazama Noof anavyojifuta machozi kwa mkono mmoja na kushika usukani kwa mwengine, akamwonea wivu kuliko siku zote.