Mkono Uliochelewa Kusimama

Watu wa pale kiwandani nawakumbuka wote kwa majina, na majina ya baba zao, na nani alikuwa mtani wa nani. Siyaandiki. Wengine wana wajukuu hapa Mpanda, na mjukuu hana kosa.

Kilikuwa kiwanda cha kupasua mbao, nje ya mji, ukishika barabara ya Inyonga. Miaka ya tisini hiyo, mimi nina watoto wanne na shule yangu iliishia darasa la pili. Nilikuwa nafagia unga wa mbao na kuwapikia wanaume ugali wa mchana. Mume wangu, mkimbizi wa kambi ya Katumba, alikuwa anaendesha mkono. Ndivyo tulivyouita: chuma kirefu juu ya nguzo, kinanyanyua gogo kwa mnyororo, kinazunguka nalo, kinalilaza mbele ya msumeno. Ulikwenda kwa mota, umeme wa jenereta. Yeye alishika kibao cha vitufe kinachoning'inia kwenye waya: juu, chini, kulia, kushoto. Akibonyeza, mkono unakwenda. Akiachia, unasimama.

Lakini kilichousimamisha hasa kilikuwa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa ukutani. Mle kila kitufe kilikuwa na kipande chake cha chuma. Umeme ukiingia, chuma kinavutwa kinashika, mota inazunguka. Umeme ukikatika, kinaachia: ta! Fundi aliyelifunga alimweleza hayo mume wangu, mimi nafagia miguuni mwao, nikasikia. Basi nikaizoea hiyo ta kama mtu anavyozoea kikohozi cha jirani.

Sanduku lilikuwa na joto juu, na matundu ya kupitisha hewa. Miezi ile ya baridi kila mtu alilitumia. Mlinzi alianika soksi zake pale. Mimi nilikuwa nikishakamua asali naweka nta juu yake, kwenye kifuniko cha bati, ilainike niifinyange mabonge ya kuuza mjini. Kifuniko kilikuwa kimetoboka pembeni. Nilikijua kimetoboka.

Jumanne moja asubuhi nikasikia ta imechelewa. Mkono ulikuwa unakwenda kushoto, mume wangu ameshaachia kitufe, nao ukapitiliza kama hatua moja ndipo ukasimama. Nikamwambia, "Baba watoto, kile chuma cha kushoto kinang'ang'ania."

Akanizaba kofi mbele ya watu. "Wewe wa ufagio ndiye wa kunifundisha mashine?"

Wanaume wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni mfunga minyororo, Msukuma mmoja mwenye mdomo mkali. "Mzee, mpe mama hivyo vitufe, wewe shika ufagio!"

Nikaokota ufagio wangu, nikanyamaza. Lakini masikio huwezi kuyaambia yanyamaze. Nikagundua asubuhi ta inachelewa, mchana inarudi sawasawa. Na kushoto tu, kulia hapana. Mume wangu naye alikuwa ameshaona, maana siku ya Alhamisi alikwenda kumwambia bosi kwamba mkono hausimami vizuri. Bosi akaja saa saba mchana, jua kali, bati linapiga joto, sanduku huwezi kuligusa. Akabonyeza kushoto, akaachia. Ta. Akarudia. Ta.

"Umekunywa," bosi akasema. Akachukua mkanda mbovu wa jenereta, akampiga nao mgongoni, mtu mzima, mbele ya wale wale walioona nikizabwa kofi. Sikucheka. Lakini nitakuwa mwongo nikisema niliumia sana.

Jumapili wakakutana kilabuni, mume wangu na yule mfunga minyororo. "Mnamwona huyu?" Msukuma akasema, "mkimbizi kachapwa kama ng'ombe wa plau!" Wakapigana mpaka chupa zikavunjika. Msukuma aling'oka jino. Mume wangu wakati anatolewa nje alipiga kelele kila mtu asikie: "Nitakuvunja! Utaona, nitakuvunja!"

Jumatatu asubuhi ilikuwa na baridi. Gogo la kwanza lilikuwa la mninga, zito. Mfunga minyororo akalifunga, akarudi kusimama upande wa kushoto, karibu na rundo la magogo, kama siku zote. Mkono ukazunguka na gogo lake. Nilimwona mume wangu akiachia kitufe, akaachia kabisa, vidole vimekunjuka. Nikangoja ta. Haikuja.

Gogo lilimbana yule mtu mguu kwenye rundo. Nilisikia mfupa. Hakupiga kelele mara moja. Alitazama kwanza, kama mtu anayetazama mguu wa mwingine, ndipo akalia. Mume wangu akawa anabonyeza vitufe vyote kama mwendawazimu, na mkono ulipoachia ukarudi nyuma, damu ikatoka ikaingia kwenye unga wa mbao nilioufagia. Wakampakia kwenye tela la trekta, wakampeleka hospitali. Mguu ulikatwa juu ya goti.

Kaka yake alikuwa mpanga mbao pale pale kiwandani. Alikuja na shoka. Nyuma yake wote wakaja. "Alisema atamvunja! Jana alisema!" Wakamfunga mume wangu kwenye nguzo kwa mnyororo wa magogo, wakampiga kwa mapande ya mbao. Mmoja alimpiga sikioni, na sikio lile halikusikia tena mpaka anakufa. Alikuwa anasema, "Niliachia, jamani, niliachia," na kila akisema wanampiga mdomoni.

Bosi akasimama mbali kidogo. "Mashine nzima," akasema. "Niliijaribu mwenyewe."

"Haya, tuijaribu," akasema yule kaka. Muda ulikuwa umekwenda, jenereta inanguruma tangu asubuhi, jua liko juu. Akashika kibao, akabonyeza kushoto, akaachia.

Ta.

Mkono ukasimama pale pale. Watu wakapiga ukelele, na kaka mtu akalishika shoka kwa mikono miwili. Nikajua mume wangu anakufa sasa hivi. Nikaingia katikati.

"Zimeni jenereta," nikasema. "Sanduku lipoe. Likipoa ndipo linang'ang'ania. Asubuhi lilikuwa baridi."

"Mama, toka hapo. Sina ugomvi na wewe."

"Kesho nani anafunga minyororo? Si wewe? Basi muue huyu, halafu kesho asubuhi kasimame pale aliposimama mdogo wako."

Akageuka kutazama pale. Ile damu inzi walikuwa wameshaijaa. Akasema, "Zima."

Nikaloweka magunia, nikalivisha sanduku. Yakipata moto naloweka mengine. Sijui tulikaa muda gani. Najua ugali wangu jikoni uliungua na hakuna aliyeuliza chakula. Wengine walichoka kungoja wakawa wanamrushia mume wangu vipande vya mbao pale nguzoni, mmoja mmoja, wanashindana kulenga. Aliinamisha kichwa tu. Mkono wangu ukagusa chuma, nikaona sasa ni baridi.

"Washa," nikasema.

Kaka mtu akabonyeza kushoto, akaachia, akainua mikono yote miwili juu ili kila mtu aone. Kibao kinaning'inia, hakuna aliyekigusa. Mkono ukaendelea. Ulipita pale ulipotakiwa kusimama, ukapita rundo, ndoano tupu ikapiga nguzo ya banda, bati mbili zikaanguka, na watu wakakimbia huku na huku wakikanyagana. "Zima! Zima!"

Jenereta ilipozimwa kaka mtu akaleta bisibisi, akafungua sanduku. Kile chuma cha kushoto kilikuwa kimegandwa na kitu cha njano. Akakigusa, akanusa kidole. Wote tulisikia harufu ya asali.

"Nta ya nani hii?"

Macho yalianza kwenda kwenye kifuniko cha bati, na kutoka pale yakaja kwangu, moja baada ya jingine. Wangejua tu, nikasema mwenyewe.

"Yangu."

Mume wangu walikuwa wameshamfungua. Alikuwa amekaa chini, uso haujulikani. Watu wakaanza kunizunguka, nikasikia mwanamke mmoja akisema nilifanya makusudi, nilikuwa namtega mume wangu kwa sababu ya lile kofi. Kaka mtu alikuwa bado na shoka. Ndipo mume wangu akainuka.

"Niachieni. Ni mke wangu huyu. Namalizana naye mwenyewe."

Akanipiga. Hakunipiga kofi, alinipiga ngumi, na nilipoanguka akanifuata chini kwa mateke. Watu wakarudi nyuma wakatupa nafasi. Nilikuwa na unga wa mbao mdomoni, nasikia anahema juu yangu, halafu nikasikia sauti ya yule kaka: "Mzee, basi. Basi, utaua." Alikuwa ametupa shoka, amemshika mume wangu mikono yote miwili kwa nyuma.

Watoto wangu wanasema baba yao alinipiga ili wale wengine wasiniue. Huenda. Wao hawakuwepo. Yeye hakuwahi kulitaja, nami nilikaa naye miaka mingine mingi, nikamuuguza, nikamzika, sikumuuliza.

Jioni ile lori lilitushusha njia panda ya Katumba, kilichobaki tukatembea. Goti lake lilikuwa halikubali, na mimi jicho moja limeziba. Akaweka mkono begani kwangu, nikamshika kiunoni, tukaenda hivyo hivyo polepole mpaka nyumbani.